Pengo

Diski ya pili ilianza kugonga Ijumaa jioni,
tk, tk, tk,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.
Ilipotimu saa mbili ilikuwa kimya.
Daktari Genovaitė akanipigia simu:
"Vaidotas, mashine inaandika *imepungua*.
Nani amepungua?"

Nikaivuka Telšiai kwa miguu, theluji magotini.
Kliniki ina viti viwili, kalenda ya benki,
harufu ya mafuta ya karafuu,
na chini ya ngazi, kwenye kabati la mifagio,
seva ya diski tatu
iliyobeba miaka kumi na tisa ya meno ya watu.

Wasemao mafiga mawili hayainjiki chungu
hawajaiona seva hii.
Chungu kilikuwa kimesimama.
Kila diski hushika mali yake
na hesabu kidogo ya wenziwe;
mmoja akiondoka, waliobaki hujumlisha, hutoa,
wakakwambia marehemu alikuwa amebeba nini.
Polepole, lakini. Wakitweta.

Nikaandika amri ya kutengeneza.
Ikakataa: hakuna nafasi.
Haki yake. Nani huziba pengo kwa hewa?

Diski mpya ilikuja Jumamosi kwa basi la Kaunas,
dereva kaiviringisha ndani ya soksi yake ya sufu.
Terabaiti nne, lebo yasema. Kama zile.
Nikaichomeka, nikaitambulisha kwa kundi,
nikaandika amri.

Ikakataa.

Nikasoma tena, safari hii kwa kidole.
Vipande vinavyotakiwa:
mia tisa hamsini na tatu elfu, mia nane sitini na kimoja.
Vilivyopo: kumi na tisa pungufu.
Viwanda viwili, lebo moja,
na kati yao unene wa ukucha.
Nilitukana kwa Kisamogitia, lugha ya bibi yangu,
ambayo ina matusi ya kutosha kwa kazi hii.

Daktari akateremka na chai.
Jino la pembe si dawa ya pengo, nikamwambia.
Akacheka, akanionyesha magego yake:
mawili ya kauri, na yanatafuna mkate wa shayiri.
"Taji likiwa fupi hatulitupi," akasema.
"Tunajenga chini yake."
Akafungua droo ya vielezo vya nta,
akapekua mataya ya watu waliokwisha kuhamia Norwei,
akatoa diski ya gigabaiti themanini,
kuukuu, ya mashine ya eksirei iliyokufa zamani.

Nikaiunga kwenye kundi.
Vipande kumi na tisa tu, nikaiambia. Basi.

Amri.
Kishale kikapepesa, kikapepesa.
Asilimia sifuri nukta sifuri tatu.

Sikulala.
Diski mbili zilizobaki zilinunuliwa pamoja na ile iliyokufa,
siku moja, sanduku moja, risiti ninayo;
ndugu wa tumbo moja hufanana hata kwa maradhi.
Na nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya miaka sita nyuma.
Wa kulaumiwa? Mimi. Sikatai.

Kwenye sitini na moja, diski ya kwanza ikakohoa.
Nikaacha kupumua ili isinisikie.
Ikameza, ikaendelea.

Jumapili usiku: mia.
Mahali pamoja hapakusomeka.
Niliifuata anwani yake, tarakimu kwa tarakimu,
hadi kwenye faili moja tu:
taya la chini la Zenonas Budrikas.

Nikapanda ngazi kupeleka habari
kama mtu anayepeleka tanzia.
"Zenonas?" Daktari aliendelea kuosha kikombe.
"Nilimng'oa yote mwaka uliofuata.
Hana tena cha kupigwa picha."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Lakini lile la chini, kushoto," akasema,
"mizizi yake ilipinda vizuri sana.
Ningependa kuiona tena."